Kabla ya kutangaza siku ya kupima saratani kanisani

Makanisa mengi huanza na tangazo. Ibada ikiisha, katibu anasimama na kusema wauguzi watakuja Jumamosi kupima saratani ya mlango wa kizazi, akina mama wajitokeze kwa wingi. Huko ni kuanzia mwisho. Wa kwanza kupangiwa ni yule mama atakayeambiwa ana tatizo: atasindikizwa na nani, nauli itatoka wapi, watoto watalala kwa nani. Kama hayo hayana jibu, sogezeni tarehe.

Mabadiliko ya mapema kwenye mlango wa kizazi hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku ileile. Lakini akionekana na uvimbe, anaandikiwa rufaa ya hospitali kubwa, kwa Mtwara na Lindi ni Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao kutegemea anakokaa, akatwe kinyama kipimwe. Akihitaji mionzi, safari kwa kawaida ni ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na mionzi huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mfuko uchangwe Novemba na Desemba, fedha za mnada wa korosho zikiwa bado mkononi. Ukingoja mwezi wa tatu utaambulia ahadi. Upimaji wenyewe ufanyike Juni au Julai, barabara zikiwa kavu na kina mama hawajaanza kuokota korosho.

Barua iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wiki sita kabla, nayo iulize mambo matatu: wauguzi waliofunzwa ni wangapi, spekulamu safi (kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane) ni ngapi, na je, mashine ya kutibu inakuja siku hiyohiyo? Spekulamu 20 ni akina mama 20. Zaidi ya hapo mnasubiri zioshwe na kutakaswa upya. Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Wanaitwa 60, saa tisa alasiri nusu wanaambiwa warudi siku nyingine, na wengi wao hamtawaona tena.

Chumba kiwe na kitanda kigumu, taa kali, pazia zito, na choo kiwe karibu kwa sababu kibofu lazima kiwe kitupu. Kuna jambo dogo linalosahaulika: walio kwenye benchi huhesabu dakika. Anayetibiwa hukaa ndani muda mrefu kuliko wenzake, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima umeshajua. Dawa yake ni kila mama, awe na tatizo au hana, atokee mlango wa pili na kupitia chumba cha uji kabla ya kwenda nyumbani.

Tangazo sasa. Walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi na kupimwa mara kwa mara. Baada ya miaka 50 sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, na kipimo cha siki kinaweza kudanganya. Asije aliye hedhini, wala aliyejifungua chini ya wiki sita zilizopita. Siku mbili kabla asikutane na mume, asijisafishe ndani wala kuweka dawa. Aje na kanga ya ziada. Aelezwe pia kinachofanyika: muuguzi hupaka siki ya asilimia 3 hadi 5 (ndugu yake ile ya kachumbari), husubiri dakika moja, kisha hutazama kama kuna mabaka meupe.

Padri aseme mwenyewe madhabahuni kwamba kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hii, hupatikana hata kwa mke aliyemjua mume mmoja tu. Bila neno hilo, wapo watakaoogopa kuonekana kwenye foleni. Aongeze kwamba mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo yao, dozi moja.

Wanaume waitwe siku yao, nao wasikie kwamba mke aliyetibiwa hukaa takriban mwezi mmoja bila tendo la ndoa na hutokwa na majimaji. Mume asiyeelezwa hudhani mengine. Majina ya wagonjwa yasisomwe kwenye maombi bila ruhusa yao, na anayewaombea asiwaambie waache dawa.

Daftari la ufuatiliaji litunzwe na mama mmoja tu, kabatini, kwa ufunguo. Liandikwe jina, majibu na tarehe ya kurudi: aliyetibiwa hurudi kuangaliwa baada ya miezi 12.