Conditionnel passé hatua kwa hatua, kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwongozo huu umetokana na jioni nilizokaa na binamu yangu anayejiandaa kwa DELF B2, mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya B2. Kuunda conditionnel passé, njeo ya Kifaransa inayobeba *-ngali-* yetu, hakukumsumbua. Kilichomtesa ni kuiweka mahali pake, kwa sababu kila sentensi yenye *si* ya Kifaransa (yaani *kama*) aliyoandika ilikuwa na nusu moja sahihi na nusu nyingine mbovu. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitazipita mbiombio, na pale penye mtego tutakaa.

Uwe tayari unajua passé composé na imparfait. Kama bado unababaika kati ya *j'ai mangé* na *je suis allé*, malizana na hayo kwanza. Vifaa ni daftari na kalamu za rangi mbili, basi. Programu za simu za kujaza nafasi sizipendekezi hata kidogo kwa njeo hii. Zinakupa kitenzi kimoja kimoja, na hapa shida haiko kwenye kitenzi, iko kwenye sentensi nzima.

Hatua ya 1: Kisaidizi

Chukua *avoir* au *être* katika conditionnel présent:

j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient

je serais, tu serais, il serait, nous serions, vous seriez, ils seraient

Kitenzi kilichotumia *être* kwenye passé composé kinatumia *être* hapa pia. Hakuna orodha mpya ya kukariri.

Angalia tu ile *s* ya *j'aurais*. *J'aurai fini* ni nitakuwa nimemaliza. *J'aurais fini* ni ningalimaliza. Wafaransa wengi huyatamka sawasawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Ukiwa na shaka, weka *il* mahali pa *je*: ukijikuta unasema *il aura*, hakuna *s*, ukisema *il aurait*, iandike.

Hatua ya 2: Participe passé

Ongeza participe passé: *j'aurais parlé, tu serais partie, nous aurions vendu*. Ukikanusha, *ne* na *pas* vinakibana kisaidizi: *je n'aurais pas vendu*.

Upatanisho ni uleule wa passé composé. Vinavyowaangusha watu ni viwili. Kwanza, *sortir, monter, descendre, rentrer, passer* na *retourner* huhamia kwa *avoir* vikipata yambwa: *je serais sorti* (ningalitoka), lakini *j'aurais sorti les chaises* (ningalitoa viti nje). Pili, *elle se serait lavée* ina *e*, ila *elle se serait lavé les mains* haina, kwa kuwa kinachooshwa ni mikono, nayo imetajwa baada ya kitenzi.

Hatua ya 3: Jiulize kama nafasi bado ipo

Sarufi tuliyofundishwa shuleni inasema *-nge-* ni kwa jambo ambalo bado linawezekana, na *-ngali-* ni kwa lililokwisha kupita. Midomoni mwetu siku hizi *-nge-* imemeza vyote viwili. Mtu anasema “ungeniambia jana ningekuja” na hakuna anayeshtuka. Ukihamisha mazoea hayo kwenye Kifaransa utaandika *je viendrais* mahali panapotaka *je serais venu*, na msomaji ataelewa kwamba bado unaweza kuja.

Kwa hiyo, kabla hujaandika Kifaransa, isahihishe sentensi yako ya Kiswahili kwanza. Kama basi limeshaondoka, andika *-ngali-* hata kama kwa kawaida huitumii. *-Ngali-* ndiyo itakayokuleta kwenye conditionnel passé.

Hatua ya 4: Kishazi cha *si*, na hapa usikimbie

Kiswahili kinapenda pande mbili zifanane: *ningalijua, ningalikuja*. Kiambishi kimoja, huku na huku. Kifaransa hakitaki hivyo. Upande wenye *si* unachukua plus-que-parfait (kisaidizi katika imparfait, kisha participe passé), na conditionnel passé inakaa upande wa pili peke yake:

*Si j'avais su, je serais venu.*

Anayefikiri kwa Kiswahili ataandika *si j'aurais su*, kwa sababu kichwani *-ngali-* ziko mbili. Watoto wa Ufaransa nao huliteleza hilohilo, ndiyo maana shuleni hufundishwa kwamba *les si n'aiment pas les -rais*: *si* haipatani na *-rais*.

Fanya hivi. Andika sentensi ya Kiswahili, kisha weka alama nyekundu kwenye *-ngali-* ya kishazi cha sharti, hata kama neno *kama* au *lau* halipo. Hiyo nyekundu ndiyo *avais* au *étais*. Ile nyingine ichore bluu. Hiyo ndiyo *aurais* au *serais*. Participe passé haiguswi na uchaguzi huu. Kinachobadilika kati ya pande mbili ni kisaidizi tu.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho: *Ungaliniambia mapema, ningalikusubiri kituoni.*

Nyekundu ni *ungaliniambia*. *Kama* haionekani, lakini Kifaransa kinaidai, kwa hiyo *si* lazima itokee. Pia Kifaransa kinataka kutaja kile ulichopaswa kuniambia, hivyo inaingia *l'*: *Si tu me l'avais dit plus tôt*. Bluu ni *ningalikusubiri*: *je t'aurais attendu à la gare*. Kama unayemwandikia ni mwanamke, ni *attendue*, kwa kuwa *t'* ni yambwa na imetangulia kitenzi. Ukipenda, geuza mpangilio: *Je t'aurais attendue à la gare si tu me l'avais dit plus tôt*. Rangi zinahama pamoja na vishazi vyake, kwa hiyo usikariri “kwanza hiki, kisha kile”.

Sasa visa vinavyovuruga kanuni.

Kuna *si* isiyo ya sharti. *Sijui kama angalikubali* ni *je ne sais pas s'il aurait accepté*, na hapo *-rais* baada ya *si* ni halali kabisa. Utazitofautisha kwa Kiswahili chenyewe: jaribu kuiondoa *kama*. “Kama ningalijua, ningalikuja” inabaki nzima ukisema “ningalijua, ningalikuja”. Hiyo ni sharti. “Sijui angalikubali” imevunjika. Hiyo ni swali lililofichwa, na *si* yake haina ugomvi na *-rais*.

Kuna sharti la jana lenye matokeo ya leo: *Si j'avais étudié la médecine, je serais médecin aujourd'hui*. Upande wa *si* haubadiliki, ila matokeo yanachukua conditionnel présent kwa kuwa yanahusu sasa. Neno kama *aujourd'hui* au *maintenant* kwenye kishazi cha bluu likufanye usimame kidogo.

Na kuna *au cas où* na *quand bien même*, ambavyo kwa maana ni ndugu wa *si* lakini vinachukua conditionnel bila tatizo: *au cas où il aurait oublié*, endapo atakuwa amesahau, *quand bien même il serait venu*, hata kama angalikuja. Zuio la *-rais* ni la *si* peke yake.

Hatua ya 5: Itumie bila *si*

Lawama: *Tu aurais dû me prévenir*, ulipaswa kunitaarifu, na hukufanya. *Tu aurais pu téléphoner*, ungaliweza hata kupiga simu. *Dû* ina kofia, na kitenzi kinachofuata hakinyambuliwi. Hizi mbili utazisikia kwenye kila ugomvi wa nyumbani wa Kifaransa.

Majuto: *j'aurais aimé la revoir*, ningalipenda kumwona tena. Adabu: *j'aurais voulu un renseignement*, kaunta ya ofisini, na hapo hakuna anayejuta chochote.

Habari zisizothibitishwa ndiyo matumizi ambayo vitabu vingi vya wanaoanza huyaruka, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi ukisoma magazeti. *L'incendie aurait fait trois morts* haimaanishi moto ungaliua watu watatu. Maana yake ni kwamba inasemekana umeua watatu, na mwandishi hataki kubeba dhamana. Pale mtangazaji wetu angesema *inadaiwa* au *inaripotiwa*, Mfaransa anabadilisha njeo tu. Njia nzuri ya kulizoea ni RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kwa kuwa ina matangazo ya Kiswahili na ya Kifaransa: sikiliza habari moja kwa Kiswahili, kisha itafute kwa Kifaransa, na kila unapokumbuka *inadaiwa*, tega sikio upate *aurait* au *serait*.

Kwa wa DELF B2: kazi ya kuandika inataka maneno yasiyopungua 250 ya hoja, na mara nyingi ni barua rasmi ya kulalamika au kupinga uamuzi. Sentensi moja ya *il aurait été préférable de consulter les habitants avant de fermer la rue* inaonyesha umeimudu njeo, na inakosoa bila kutukana. Iweke kwenye aya ya malalamiko, kisha badilisha *habitants* na *rue* kulingana na swali.