Mbwa mdogo akizubaa baada ya kula

Ukiwa na mbwa wa aina ya Maltese au Yorkshire anayezubaa, kupepesuka au kukandamiza kichwa ukutani saa chache baada ya kula nyama, usiseme ni shibe. Huenda ini halisafishi damu. Mrekodi kwa simu, maana akifika kwa daktari wa mifugo atachangamka kama hana lolote! Mfunue mdomo uangalie ufizi kwenye mwanga wa jua: ukiwa wa manjano, au mkojo una rangi ya chai ya rangi, mpeleke leo leo. Ulizia kipimo cha asidi za nyongo, kinachoonyesha ini linavyofanya kazi. Damu huchukuliwa kabla ya kula na saa 2 baadaye. Panadol usimpe kabisa. Na ule unga ulioota ukungu usimpikie ugali, sumukuvu huharibu ini.