Ukiona hitilafu ukiwa kabini, mwambie rubani hivi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya uhudumu wa ndege, hili ndilo ninalolisisitiza darasani kuliko yote: rubani wa Boeing 737 akiwa kitini haoni injini zake. Anaona namba na taa tu. Anayeziona ni wewe, na abiria wa dirishani.

Tarehe 8 Januari 1989, 737 ya British Midland ilikuwa ikitoka London kwenda Belfast. Panga moja la feni ya injini ya kushoto likavunjika, ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Marubani wakapunguza nguvu ya injini ya kulia. Kwa bahati mbaya mtetemo na moshi navyo vikapungua, wakaamini wamepatia, wakaizima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba tatizo lilikuwa injini ya kulia. Huko nyuma kulikuwa na watu walioshuhudia moto upande wa kushoto, lakini habari hiyo haikufika mbele. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, kando ya barabara kuu ya M1. Kati ya watu 126, walifariki 47.

Kwa hiyo anza na upande. Kiti chako cha kukunja pale mlango wa mbele kinatazama nyuma, na mkono wako wa kushoto uko kulia kwa rubani. Usitumie mkono wako, tumia herufi za viti: A ni kushoto kwa rubani, F ni kulia. Sema, "Injini ya kushoto, upande wa viti vya A."

Kisha eleza ulichokiona, usitoe hukumu. "Injini inaungua" haimsaidii sana. "Miali inatoka nyuma ya injini, inakuja na kukatika, kila mara na kishindo" inamsaidia, maana huenda injini imekwama kupumua tu, yaani hewa haipiti ndani yake sawasawa. Moto usiokatika, unaozunguka injini yenyewe, ni jambo jingine kabisa. Harufu nayo ina maana: waya ulioungua, plastiki, au harufu kama ya soksi chafu, ambayo huenda ni oili ya injini iliyoingia kwenye hewa ya kabini. Taja safu, na useme kama inazidi au inapungua.

Ni kweli chini ya futi 10,000 hatuwasumbui marubani kwa habari za chai. Moto si habari ya chai. Piga simu ya ndani ya ndege. Wasipojibu, wanashika ndege kwanza. Subiri kidogo, piga tena.

Na tangazo likipingana na macho yako, tamka: "Kapteni, umesema kulia, mimi naona moto kushoto." Najua tulivyolelewa, kumsahihisha mtu wa umri wa baba yako kunakaba koo. Mpe heshima zake zote, lakini sema. Nawe abiria, bonyeza kengele, taja ulichokiona. Mhudumu asikupuuze.

Kapteni akikuita atakupa mambo manne: tatizo ni nini, anakusudia kufanya nini, zimebaki dakika ngapi, na kama kuna maelekezo ya ziada. Yaandike, kisha mrudishie kwa sauti kabla hujaondoka.

Mkishatua na amri ya kutoka ndegeni kwa dharura ikatolewa, chungulia dirishani kabla ya kugusa mkono wa mlango. Pale Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines ikiwaka moto, mfumo wa matangazo ulikufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao, wakafungua milango mitatu tu kati ya minane, na watu wote 379 wakatoka. Mlango wenye moto nje, simama mbele yake, nyoosha mikono, waelekeze watu kwenye mlango ulio salama. Anayeng'ang'ania begi mwamrishe aliache, na umwamrishe kwa ukali.