SHA baada ya mafuriko: kitambulisho na simu vikienda na maji

Naandika hapa mara moja, maana kila mvua ikinyesha Nyando, Kisumu, swali ni lile lile: kitambulisho na simu vimesombwa, nitapataje huduma za SHA, bima ya afya ya serikali?

1. Abstrakti ya polisi kwanza.

2. Omba kitambulisho kingine, ofisi ya usajili au Huduma Centre.

3. Laini ya simu. Hapa ndipo wengi huharibu. Nambari ya siri ya kuingia kwenye akaunti ya SHA hutumwa kwa simu uliyojisajili nayo. Usinunue laini mpya ukajaribu kujisajili upya: kitambulisho chako tayari kiko kwenye mfumo, utakataliwa. Rudisha laini ILE ILE dukani kwa mtandao wako, na usikawie. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine, kisha yeye ndiye anayepokea nambari zako za siri. Dukani wataitisha kitambulisho, ndiyo maana hatua ya 2 iko mbele.

4. Piga *147#, uone kama usajili wako wa SHA uko hai.

5. Watoto: shika vyeti vya kuzaliwa vya kuwasajili chini yako.

6. Zahanati na kituo cha afya (ngazi ya 2 na 3), usajili unatosha. Kulazwa ngazi ya 4 kwenda juu, lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hulipia mwaka. Cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600.

MASWALI

Nyakach254: Laini yangu ilisombwa, nifanyeje?
— Hatua ya 3.

MamaKadibo: Umesema usajili unatosha, mbona jirani aliitishwa pesa Russia?
— Mama, Russia (Jaramogi, Kisumu) ni hospitali ya rufaa, ngazi ya juu. Nilisema ngazi ya 2 na 3.

Baba Twins: Kadi ya NHIF bado inafaa?
— SHA ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili.

Mwanaboti: Mkuu, mwokoaji akikatwa na bati ndani ya maji, WIBA inamlipa?
— Swali zuri. Sheria hiyo ya 2007, ya fidia ya ajali kazini, ni ya mwajiriwa. Zimamoto wa kaunti yumo: aripoti kwa mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, abaki na nakala. Mwajiri ana siku 7 kumjulisha mkurugenzi wa usalama kazini, na dai hufungwa baada ya miezi 12. Wa kujitolea hana mkataba, kwa hivyo kidonda chake ni cha SHA. Wote wawili wachomwe sindano ya pepopunda, wasingoje karatasi. Homa na maumivu ya misuli ya miguu yakija wiki zinazofuata, mwambie daktari ulikanyaga maji ya mafuriko. Bila hilo atawaza malaria tu.

Mwanaboti: Asante sana. Na laini nisizozijua kwa jina langu?
— Piga *106#. Zikatae hapo hapo.