Jinsi ya kuelewa osteoklasti zinavyokula mfupa bila kukariri tu

Ukitaka uzielewe osteoklasti, yaani zile seli zinazomeng'enya mfupa, usianze na majina marefu, anza na mfupa wenyewe. Chukua mfupa wa paja la kuku, utoe nyama yote, utumbukize kwenye siki uuache siku kadhaa huku unabadilisha siki. Ukiutoa utakuta umelainika, unaupinda kama mpira na wala hauvunjiki. Siki imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti, imebakiza kolajeni, ile protini ya nyuzinyuzi. Mimi nilipoushika huo mfupa ndo nikaelewa kwamba kuumeng'enya ni kazi mbili tofauti, asidi inatoa madini kwanza alafu kimeng'enya kinakata kolajeni, na haiwezi kuwa kinyume chake maana kolajeni imefunikwa na madini.

Sasa chukua karatasi uchore. Chora seli kubwa yenye viini vingi, mara nyingi 5 mpaka 20, kwa sababu imetokana na seli kadhaa za ukoo wa monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zilizoungana. Ukoo huo ni wa damu, sio wa mfupa, na hapo wengi wanakosea. Zinaungana baada ya kupata ishara mbili, M-CSF na RANKL, ambazo zinatoka kwa seli za mfupa kama osteoblasti, zile zinazojenga mfupa, na osteosaiti, zile zinazoishi ndani yake. Yaani anayejenga ndiye anayemuita anayebomoa.

Hatua inayofuata kaa nayo sana, ni kuziba. Seli inajibandika kwenye mfupa na kuzungusha pete ya aktini, protini ya nyuzi za ndani ya seli, pembeni, kama bakuli lililofunikwa juu ya meza. Bila hiyo pete asidi ingesambaa na kupotea. Ndani ya pete, utando wa seli unaoangalia mfupa unajikunjakunja, nao uchore hivyo hivyo, maana mikunjo inaongeza eneo la kupitishia vitu.

Asidi inatoka wapi? Ndani ya seli maji na kaboni dayoksaidi vinaunganishwa na kimeng'enya kinachoitwa karboniki anhidresi, zinapatikana protoni, yaani ioni za haidrojeni zinazoleta uasidi, na bikaboneti, ambayo ni ya upande wa alkali. Pampu inasukuma protoni chini kwenye kile chumba kilichozibwa, kloridi inafuata kupitia mlango wake, hapo unapata asidi ya haidrokloriki na pH inashuka mpaka kama 4.5, huku bikaboneti inatolewa upande wa pili wa seli kuelekea kwenye damu. Chora hiyo mishale yote, usiruke hata mmoja, maana ukiruka wa bikaboneti utashindwa kueleza kwa nini seli yenyewe haijai alkali.

Madini yakishayeyuka kinaingia kile kimeng'enya, kathepsini K, kukata kolajeni, na yenyewe inafanya kazi vizuri kwenye asidi hiyo hiyo. Mabaki yanamezwa, yanavuka ndani ya seli na kutokea mgongoni. Panabaki kashimo, alafu osteoblasti zinakuja kukajaza, ila kubomoa ni wiki chache na kujaza ni miezi.

Kuhusu homoni, kalsitonini inaituliza osteoklasti moja kwa moja. Ya parathiroidi inapitia kwa osteoblasti na wenzake, wao ndo wanaongeza RANKL, kwa hiyo usichore mshale wake kwenda kwa osteoklasti.

Ukimaliza jipime, funika hatua moja kwa kidole ujiulize kitatokea nini. Ukifunika pampu ya protoni unapata osteopetrosisi, mfupa mzito unaojaa kupita kiasi na bado unavunjika kirahisi kwa sababu ule wa zamani hauondolewi. Ukifunika RANKL, hiyo ndo kazi ya dawa ya denosumab. Bisifosfoneti, dawa nyingine za kuzuia mfupa usiliwe, zenyewe zinajishika kwenye madini, zinasubiri asidi iziachie, osteoklasti inazimeza pamoja na mfupa, mikunjo yake inapotea na seli inakufa.