Jinsi ya kupanga jaribio la ayoni linaloiga uharibifu wa nyutroni, ukiwa hapahapa Kigoma

Vijana wa fizikia wa huku Ujiji na mjini wananiuliza sana hili swali, kwamba mtu asiye na kinu cha nyuklia wala akselereta (mashine ya kurusha ayoni, yaani atomu zenye chaji, kwa kasi kubwa) atafanyaje utafiti wa vyuma vya nyuklia. Jibu langu ni kwamba nusu ya kazi ni hesabu, na hesabu inafanyika kwenye laptop yoyote ya Windows, halafu ukishakuwa na mpango uliosimama ndo unaomba muda kwenye maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha Michigan kule Ann Arbor, Marekani, au JANNuS ya Saclay, Ufaransa.

Kwanza elewa tunaiga nini. Nyutroni ikiingia kwenye chuma inagonga atomu, ile atomu nayo inang'oa wenzake, zinabaki nafasi tupu na atomu zisizo na makazi. Nafasi tupu zikikusanyika zinakuwa vitundu na chuma kinavimba, kama Cawthorne na Fulton walivyoona mwaka 1967 kwenye chuma cha pua kilichotoka kinu cha Dounreay, Uskochi. Kipimo chake ni dpa, yaani kwa wastani kila atomu imeng'olewa mara ngapi. Kwenye kinu cha nyuklia kinachopozwa kwa maji kasi ya uharibifu inaweza kuwa kama 10⁻⁷ dpa kwa sekunde au chini ya hapo, kwahiyo kufika dpa 9 tu ni karibu miaka mitatu, na sampuli ikitoka ina mionzi, huishiki ovyo. Ayoni zikirushwa na akselereta kwenye chuma zinakufikisha huko ndani ya siku moja.

Sasa fungua SRIM, programu ya kuhesabu ayoni zinavyopenya na kugonga ndani ya kitu, ni ya bure. Chukua mfano wa ayoni za chuma za MeV 5 (eV ni kipimo cha nishati, MeV ni milioni yake) ndani ya chuma. Weka nishati ya kung'oa atomu eV 40, nishati ya kimiani (inayoifunga atomu mahali pake) weka sifuri, na chagua ile hesabu ya haraka ya Kinchin-Pease. Usichague ya kaskedi kamili, inayofuata kila mgongano, hata kama jina lake linavutia, kwa chuma inatoa namba kama mara mbili na utashindwa kulinganisha na data za nyutroni. Ikimaliza fungua VACANCY.txt, jumlisha safu mbili, ya ayoni na ya atomu zilizogongwa, kwenye kina unachotaka. Tuseme umepata nafasi tupu 0.8 kwa ayoni kwa angstromu: zidisha kwa 10⁸ iwe kwa sentimita, zidisha kwa idadi ya ayoni kwa sentimita ya mraba, tuseme 10¹⁶, gawa kwa 8.5 × 10²², idadi ya atomu za chuma kwa sentimita ya ujazo, unapata dpa 9.4 hivi.

Muda je? Mkondo wa nanoampia 200 wa ayoni zenye chaji 3+ ukisambaa kwenye sentimita moja ya mraba unachukua saa 6 na dakika 40. Ukisahau kugawa kwa ile 3, dozi yako yote ni uongo, na mkondo wenyewe uwe unapimwa kwa kikombe cha Faraday, kile cha chuma kinachokusanya chaji ya ayoni, mara kwa mara.

Hapa ndo penye kazi sasa. Ukipiga hesabu hiyo kasi ni karibu 4 × 10⁻⁴ dpa kwa sekunde, maelfu ya mara kuliko kinu. Wanaoanika dagaa pale Kibirizi wanajua, dagaa wa jua la siku nzima na dagaa uliyemharakisha kwa moto sio kitu kimoja, huyu wa moto nje kaungua ndani bado mbichi. Kwenye chuma pia, ukiharakisha kugonga bila kuharakisha mwendo wa nafasi tupu, zinakutana na zile atomu zisizo na makazi na kufutana kabla hazijajenga vitundu, ndo maana tunapandisha joto kwa makumi ya digrii juu ya joto la kinu, kwa hesabu alizoweka mtafiti Mansur. Mwale wa ayoni nao uwe umetulia, usiwe unafagia huku na huku, maana kati ya mfagio na mfagio chuma kinapata muda wa kujiponya.

Na kina chenyewe ni kifupi mno, hizo ayoni zinaishia maikroni moja na ushee hadi mbili. Juu kabisa uso unanyonya kasoro, mwishoni zimejazana ayoni ulizopiga mwenyewe ambazo ni atomu za ziada na zinazuia vitundu, kwahiyo soma katikati, nanometa 500 hadi 700. Ukitaka kina kirefu tumia protoni za MeV 2, zinafika kama maikroni 20 ila dpa zinapanda taratibu sana. Na ombi lako litaje mtego wa baridi wa naitrojeni kimiminika karibu na sampuli, kaboni ikiingia toka kwenye vakyumu inabadilisha uvimbe wote.

Heliamu usiiache. Kwenye kinu nyutroni zinaizalisha ndani ya chuma, hasa kwenye nikeli na boroni, ila ayoni za chuma hazizalishi, kwahiyo omba mwale wa pili uiingize wakati uleule wa kupiga, kuichoma yote mwanzoni kunaanzisha viputo vidogo vingi mno na matokeo yanakuwa mengine kabisa.