SOMO: Namna ya kuwatembelea wachonga vinyago Mwenge na wachoraji wa Tingatinga (usiishie dukani)

Haya wadau, watu wa Dar wengi tunapita Mwenge kila siku na hatujawahi kuingia kule vinyago, eti ni pa wazungu. Hakuna kiingilio, na hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Ila ukienda kichwakichwa utaona rafu za twiga na mabakuli, utatajiwa bei ya kitalii, utanuna, utarudi zako, wakati mafundi wenyewe walikuwa nyuma ya hayohayo maduka wanapiga kazi.

HATUA YA 1. Nenda asubuhi siku ya kazi, kwenye saa tatu saa nne hivi, jua halijawa kali. Ijumaa mchana usitegemee kumkuta kila mtu. Vaa viatu vya kufunika vidole, nitasema kwanini.

HATUA YA 2. Ukifika pita maduka ya mbele, wakikuita "karibu dada, karibu kaka" jibu vizuri na uendelee, halafu fuata mlio wa tezo (kile kishoka cha kuchongea). Utakuta wazee na vijana wamekaa chini kwenye vivuli, magogo pembeni, mabanzi kila mahali (ndo maana ya viatu). Wengi ni Wamakonde, wa Mtwara na wengine asili yao Msumbiji. Anza na shikamoo kwa mzee, "poleni na kazi", kisha omba kukaa uangalie. Kaa ubavuni, usikae mbele yake, banzi la mpingo likikupata jichoni utajuta.

HATUA YA 3. Tulia uangalie. Hapa ndo utamu ulipo na ndo watu wanapoharakisha. Tezo inatoa nyama kubwa kubwa, inakuja patasi na nyundo, inakuja tupa, mwisho msasa mpaka kinyago kinang'aa chenyewe. Angalia gogo la mpingo likiwa bado bichi: nje lina mbao nyeupe ya njano njano, nyembamba, halafu ghafla ndani kiini cheusi kinachokaribia zambarau. Fundi mzuri anaitumia hiyo nyeupe, anaiacha iwe kilemba au ukingo wa nguo ya mtu, na ukiona hivyo ujue jamaa aliliwaza gogo kabla hajaligusa. Muulize pia anachonga mtindo gani. Ujamaa ni ule wa watu wamepandana kwenye gogo moja, babu chini wajukuu juu, shetani ni yale maumbo ya ajabu yenye jicho moja na mdomo umepinda, na kuna mawingu ambao mi binafsi ndo naupenda kuliko yote, hauna sura ya mtu wala mnyama, unapita mkono tu.

HATUA YA 4. Kabla hujanunua, pima. Kiwi ya viatu imeshawaliza wengi pale, mti wa kawaida unapakwa unakuwa mweusi tii. Shika kwanza, mpingo ni mzito mpaka unashtuka, ukiutia kwenye maji unazama. Pili geuza chini kwenye kitako, sugua na kitambaa cheupe chenye maji kidogo, kikitoka cheusi cheusi rudisha taratibu bila kugombana na mtu.

HATUA YA 5. Bei. Uliza "hii kachonga nani?" Kama ni yeye mwenyewe, patana kwa adabu, usimkate mpaka aone aibu. Kama anauza ya mwingine hapo patana utakavyo.

HATUA YA 6. Mchana panda boda uende Oysterbay, sema Morogoro Stores. Hapo ndo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipokuwa akiuza picha zake mwishoni mwa miaka ya 60, alichora kwenye hadibodi na rangi za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wakaendeleza, na 1990 wakasajili ushirika wao. Wachoraji wanakaa wanachora mbele yako. Wanapaka rangi ya nyuma kwanza, wanaacha ikauke, halafu mnyama, halafu vidoto kimoja kimoja kwa brashi nyembamba, na harufu ya rangi ni kali kwahiyo mwenye pumu akae kwenye upepo.

MASWALI

Mama wa Tabata: Naweza kwenda na watoto?
Jibu: Tingatinga ndio, watafurahi sana. Mwenge wa miaka saba kwenda juu na uwashike mkono, zile tezo zinakata.

Kijana wa Ubungo: Video ya tiktok wanakubali?
Jibu: Omba kwanza. Kuna wazee hawataki, na kuna wengine wanaogopa mtindo wao kuibiwa, wana haki. Akikubali mwachie chochote hata kama hununui, hela ya maji tu.

Niko Muscat: Nikija likizo nataka kurudi na kinyago cha mpingo, airport hawasumbui?
Jibu: Mpingo uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 2017, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia. Kazi iliyokamilika isiyozidi kilo 10 kwa mzigo wa mtu binafsi imesamehewa kwenye hiyo orodha, ila vibali vya hapa nyumbani ulizia TFS (wakala wa misitu wa serikali) mapema na utunze risiti. Gogo bichi usithubutu.

Mgeni: Changu kimepasuka baada ya mwezi, nimepigwa?
Jibu: Si lazima, pengine mti haukukauka vizuri. Kiondoe juani na mbele ya AC, kirudishe kwa fundi, wanajua kuziba kwa unga wa mpingo wenyewe na gundi.

Bwana Mashaka: Mbona picha za Tingatinga zote zinafanana, chui na chui?
Jibu: Kwasababu chui anauzika haraka, kaka. Mwambie mchoraji akuoneshe ile aliyochora kwa raha yake, mara nyingi imegeuzwa ukutani au iko chini ya nyingine. Utakuta soko, hospitali, harusi ya uswazi, huko ndo mkono wa mtu unaonekana.

Huyohuyo: Na wanaochora vitu vya kisasa?
Jibu: Nenda Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kule Mikocheni, wako tangu 2008 na wasanii wana studio zao mulemule. Piga simu kwanza uulize siku gani wako wazi.